Madam na Pointi Tano za Mateso

Mtu akifiwa mtaani kwetu Gitothua, Madam alienda na kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umepasuka ukafungwa kwa waya, na alikibeba mkononi kama wanawake wengine wanavyobeba mkoba. Turubai lingekuwa halijafungwa bado, vijana wakibishana kuhusu kamba, na yeye ameshaketi karibu na ukuta, mikono mapajani, hasemi kitu. Watoto wa ploti yetu walimwita Madam Kiti. Alijua, na hakujali.

"Ukingoja mfiwa akutafutie kiti, umeshampa kazi," aliniambia siku nilipomuuliza. "Na ana kazi ya kutosha."

Sasa yeye mwenyewe amekwenda, na mimi nimejaribu kuandika habari zake mara nyingi nikafuta. Nilianza na mahali alipozaliwa, nikagundua sipajui. Nikaanza na wazazi wake, nikagundua hakuwahi kuwataja. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka liishe ladha. Naweza kukaa na ujumbe mfupi wa simu nikijiuliza kama nukta ya mwisho itaonekana kama hasira, kisha nikaacha kuutuma kabisa. Basi nimeamua kuandika ninachokijua tu.

Nilimjua kutoka pande mbili. Alifundisha somo la dini, lile tuliloliita CRE, katika shule moja ya sekondari ya kutwa mjini Thika, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Jioni aliporudi Ruiru, mlango wake ulitazamana na mlango wetu. Mtu niliyemwona asubuhi akiwa na chaki ndiye niliyemwona jioni akimsuta jirani kwa sababu ya kamba ya nguo.

Alikuwa mfupi, mwembamba, na alitembea kama mtu aliyeachwa na gari. Sweta yake ya maruni ilikuwa na chaki kwenye mikono hata wakati wa likizo. Alivaa sketi ndefu na raba, kwa sababu, alisema, viatu vya wanawake vilitengenezwa na mtu asiyewapenda. Alizungumza Kiingereza darasani, Kikuyu akikasirika, na Kiswahili alipokuwa na jambo ambalo hakutaka tulikosee.

Alikuwa na zoea moja lililotutisha kuliko adhabu yoyote. Alimsimamisha mwanafunzi na kumuuliza swali kama linavyoulizwa kwenye mtihani: toa sababu tano za mateso ya mwanadamu kulingana na Biblia. Mwanafunzi alizitoa kama alivyozinakili kutoka ubaoni. Mateso ni adhabu ya dhambi. Mateso ni jaribu la imani. Mateso humrudisha mtu kwa Mungu. Mateso huvunja kiburi. Mateso huonyesha uwezo wa Mungu. Kisha akaanza kuketi.

"Endelea," Madam alisema.

"Zimeisha, Madam."

"Zangu zimeisha. Endelea na zako."

Na ungesimama pale, darasa zima likikutazama, mpaka useme kitu ambacho hukukinakili popote. Mimi nilizoea kujificha nyuma ya msichana mrefu aliyeketi mbele yangu, nikijiandalia pointi ya sita endapo ningeitwa, kisha ya saba endapo ya sita ingekataliwa. Siku moja alimsimamisha kijana aliyekuwa amemzika mama yake muhula uliotangulia. Kijana alitoa zile tano, akaambiwa aendelee, akasema, "Mateso ni mateso tu, Madam." Wengine walicheka kwa woga. Madam hakucheka.

"Keti," alimwambia. "Umepita."

Habari za Ayubu alizifundisha kwa hamaki, kana kwamba mambo yale yalitokea juzi hapo Juja. "Marafiki zake walikuja wakaketi naye chini siku saba bila kusema neno," alisema. "Walifanya vizuri sana. Kisha wakafungua midomo!" Akapiga meza kwa rula. "Sasa niambieni. Siku hizo zote, nani aliwapikia?"

Hakuna aliyejua. Halikuwa kwenye vitabu vya marudio.

"Mke wake! Amezika watoto kumi, mimba zote hizo alibeba yeye, na kuna wageni uani wanangoja kula. Mwanamke anasema neno moja la uchungu, na mpaka leo anahubiriwa vibaya. Mimi nikifika mbinguni, huyo mama ndiye nitamtafuta kwanza. Nitamwambia, pole, mama. Hakuna aliyekuuliza habari yako."

Na bado, mtihani ulipokaribia, mwanamke huyuhuyu aliandika zile sababu tano ubaoni kwa herufi kubwa, akatufanya tuzikariri mpaka tuzitoe tukiwa tumefumba macho. Baada ya ile ya tatu alisimama kidogo ili wenye kalamu nzito wamfikie. Jambo hilo lilinisumbua. Siku moja nilibaki nyuma wenzangu walipotoka, nikamuuliza kwa nini anatufundisha pointi asizoziamini.

"Nani amekwambia siziamini? Kila moja iko mahali ndani ya Biblia. Shida ni kuitoa huko na kumbandikia mtu mwilini kama stempu." Alianza kufuta ubao. "Mtihani ni mtihani, Wambui. Andika wanachotaka, upite, halafu urudi tuongee."

"Na asiyerudi, Madam?"

Aliumaliza ubao wote kabla ya kunijibu. "Huyo ndiye ananinyima usingizi."

Asidhaniwe kuwa alikuwa mtakatifu. Alipenda udaku kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alijua nani amehama na kwa nini, nani anaishi na nani, na ikiwa hakujua aliuliza waziwazi bila haya. Vilevile alikuwa na ugomvi wa miaka na Mama Naliaka, jirani yetu kutoka Bungoma aliyeshona nguo kiwandani, kuhusu nani ana haki ya kuanika kwenye kamba iliyo upande wa jua.

"Ati anasali kwa kelele mpaka mabati yanatetemeka," Madam alilalamika, "halafu anaamka anaanika blanketi kwenye kamba yangu."

"Kamba ni ya landlodi, Madam," Mama Naliaka alijibu kutoka dirishani kwake. "Na maombi yangu yanakusaidia, hujui tu."

Mtoto wa Mama Naliaka alipolazwa Thika na homa ya uti wa mgongo, Madam alikwenda na kiti chake cha buluu, akabishana na askari wa langoni mpaka akaruhusiwa kuingia nacho, akaketi kando ya kitanda kila siku baada ya masomo. Mtoto alipona. Siku aliporudishwa nyumbani, Madam alimbeba kutoka lango mpaka mlangoni, akamlaza, akatoka nje akajipangusa mikono. "Haya," akamwambia Mama Naliaka, "mtoto amepona. Sasa kamba."

Niliyaona haya yote kama vituko vya mtu wa kuchekesha mpaka mateso yalipoingia nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mwangalizi wa boila, mtambo wa mvuke, katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda. Alikuwa mtu wa kutia mafuta bawaba za mlango wa jirani bila kuombwa, akiondoka kabla hajashukuriwa. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, bomba la mvuke lilipasuka wakati wa shifti yake. Mwenzake alikufa papo hapo. Baba aliungua kifua na miguu, na baada ya miezi ya hospitali alirudi nyumbani akiwa hawezi kusimama.

Tangu siku hiyo nilishindwa kuomba. Sikukataa kwa ujeuri. Nilifumba macho kama wengine, nikatafuta sentensi ya kwanza ambayo si uongo, nikaikosa. Nilianza na "Mungu mwema", nikasimama hapo. Nikaanza na "tunakushukuru", nikasimama. Kanisani nilichezesha midomo ili Mama asigundue, nikajiuliza kama Mungu, ikiwa yupo hapo, alikuwa ananiona nikiigiza.

Watu nao walitaka sababu. Mmoja alikumbuka kwamba zamani Baba aligombana na babu kuhusu mpaka wa shamba kule Ngoliba. Neno likazunguka kuwa ile ni kirumi, yaani laana ya mzazi, na kwamba Baba akiitubu hadharani atasimama. Mama alilipinga neno hilo mwanzoni. Lakini yeye ndiye aliyemgeuza Baba kitandani, aliyeosha vidonda, aliyewapikia wageni waliokuja kumwombea na kukaa mpaka chai ya pili. Mwishowe akamwalika pasta mmoja kijana kutoka Thika, aliyejulikana kwa kuvunja laana. Nilimwambia Mama kwamba Baba hana la kutubu. Alinijibu bila kunitazama, "Basi wewe niambie atapona vipi." Kilichonitisha zaidi ni kwamba nilimjua Baba. Angeweza kukiri lolote ili Mama apate kupumzika, kisha afe akiamini kuwa aliungua kwa haki.

Pasta alikuja Jumamosi mchana na waimbaji wake. Baba alitolewa uani kwa kiti cha magurudumu, miguu imefunikwa leso. Majirani walitoka milangoni. Madam naye akatoka na kiti cha buluu, akakiweka karibu na tangi la maji.

"Kwani kuna matanga?" Mama Naliaka alimchokoza.

"Bado," Madam alijibu. "Nimekuja mapema."

Waliimba, wakaomba, kisha pasta akainama mbele ya Baba. Alikuwa amevaa suti ya kijivu iliyomkaa vizuri, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Mzee wangu, kuna mlango uliufungua. Leo tunaufunga. Sema tu ulichomfanyia baba yako."

"Tuligombana kuhusu mpaka," Baba alisema. "Tukapatana kabla hajafa. Alipokuwa mgonjwa, mimi ndiye nilimwosha."

"Kuna kingine."

"Sikijui kingine."

"Ndiyo sababu huponi, mzee."

Mama alipiga magoti kwenye saruji. "Baba Wambui, aki ya Mungu sema tu. Hata kama ni kitu kidogo. Hata kama hukumbuki vizuri. Sema upone. Mimi nimechoka."

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Niliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao akinyanyua mtungi wa gesi wa mtu mwingine ngazini. Alilamba midomo. "Labda," akasema. "Labda ile siku nilipo..."

"Baba Wambui." Madam hakusimama, wala hakupaza sauti. "Amri inakataza ushahidi wa uongo. Hata juu yako mwenyewe."

Mpiga kinanda alisahau vidole kwenye vibonye, sauti moja ikaendelea kulia peke yake mpaka mtu akamgusa bega. Pasta aligeuka. "Na wewe mama, ni nani hapa?"

"Mimi ni jirani. Nimekuja na kiti changu."

Pasta alimkazia macho, na hasira ikamtoka usoni ghafla. Alitabasamu kama mvulana. "Ai! Madam! Si ni mimi, niliyekuwa naketi dirishani! Nilipata A ya CRE!"

"Nakukumbuka. Ulikuwa na mwandiko mzuri."

"Bwana asifiwe!" Akawageukia watu kwa furaha ya kweli. "Huyu ndiye alinifundisha Neno! Sasa Madam, wewe mwenyewe si ndiye ulituambia?" Akainua mkono, akaanza kukunja vidole. Mateso ni adhabu ya dhambi. Mateso ni jaribu la imani. Mateso humrudisha mtu kwa Mungu. Hapo akasimama kidogo, kama alivyosimama Madam ubaoni ili tumfikie kwa kalamu. Mateso huvunja kiburi. Mateso huonyesha uwezo wa Mungu.

Nilimtazama Madam. Alikuwa kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyumba ya jirani, ikimtukana mgonjwa.

"Endelea," akasema.

"Zimeisha, Madam." Pasta alicheka. "Zilikuwa tano."

"Zangu zimeisha. Mimi ndiye niliziandika ubaoni. Mwangalie huyu mzee, halafu endelea na zako."

Akamwangalia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza. Leso ilikuwa imeteleza, na ngozi ya miguu ya Baba iling'aa kama karatasi ya nailoni iliyopitishwa motoni. Pasta alitazama mkono wake mwenyewe, vidole vitano vikiwa vimekunjwa, akaushusha polepole. Mwishowe alichuchumaa, suti na yote, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa ya kuhubiri, "Mzee, ni wapi inauma sana?"

"Mgongo," Baba alisema. "Ya miguu nimeshayazoea."

Hapo Madam alisimama, akamwinua Mama kwa mkono, akamwongoza jikoni huku akiburuta kiti kwa mkono mwingine. Niliwafuata kwa sababu niliogopa atamgombeza. Alimketisha Mama kwenye kile kiti cha buluu.

"Mama Wambui, mara ya mwisho ulilala lini?"

"Sijui."

"Kaa hapo. Leo chai napika mimi."

Mama alijifuta uso kwa pindo la leso. "Sikutaka wamwaibishe, Madam. Nilitaka tu kuwe na kitu tunaweza kufanya. Kama amekosa, basi kuna kutubu. Kama hajakosa, mimi nitafanya nini?"

Madam alifungua makopo yetu moja baada ya jingine akitafuta majani ya chai, akaweka maji mengi mno, na ile chai ilikuwa mbaya kabisa. Mama aliinywa yote, kisha akalala palepale, kichwa kimeegemea ukuta, mpaka jua likaondoka dirishani. Wageni walikunywa iliyobaki, wakaaga bila laana yoyote kuvunjwa.

Ningependa kuandika kwamba Baba alipona. Hakupona. Alikufa mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, na kabla ya kufa aliniomba nitie mafuta bawaba za mlango wa Madam, kwa sababu zilikuwa zinalia. Alikuwa hajakiri kitu ambacho hakukitenda. Wengine wataona ni jambo dogo. Mimi nimelifikiria kwa kila upande, na sijaliona likiwa dogo.

Tulimzika Ngoliba. Ardhi ilikuwa ngumu hivi kwamba sululu zilitoa mlio kama zinapiga chuma. Yule pasta alikuja bila koti la suti, hakuomba maikrofoni, akapokea koleo kutoka kwa mjomba wangu aliyechoka na kuendelea kufukia. Mzee mmoja aliyesimama kuhutubia alianza kutueleza kwamba Mungu ana sababu zake, na kwamba sababu ya kwanza ni hii. Madam, kwenye kiti chake, akashikwa na kikohozi. Kikohozi kikazidi. Mzee alipofika kwenye sababu ya pili kilizidi zaidi, watu wakaanza kumpitishia maji, na mzee akafupisha. Nilicheka. Nilicheka kwenye kaburi la baba yangu, nikaficha uso kwenye skafu, na dada za Mama wakanishika wakidhani nimezidiwa na kilio. Labda nilikuwa nimezidiwa.

Wiki chache baadaye nilimkuta Madam akianika nguo, nikamwambia jambo nililokuwa sijamwambia mtu. "Siwezi kuomba. Kila sentensi nikianza, inageuka uongo mdomoni." Kisha nikamuuliza, haraka kabla sijaanza kulichambua swali, kama Mungu ni wa haki.

Alinipa vibanio nimshikie. "Sijui," alisema. "Lakini ninajua hivi. Ayubu alimlalamikia Mungu vibaya sana, na wale waliotunza maandiko wangeweza kuyafuta malalamiko hayo. Nani angejua? Hawakuyafuta. Yako humo, kurasa na kurasa, ndani ya kitabu tunachokibusu. Nipe kibanio." Nikampa. Kuhusu maombi yangu hakusema kitu, nikadhani hakusikia.

Mara moja tu alizungumza nami kuhusu ile Jumamosi. Alikuwa amestaafu, na nilimwona mlangoni akikwaruza chaki iliyoingia kwenye mshono wa ile sweta. "Kijana hakuwa na makosa," alisema bila utangulizi. "Alijibu swali kama nilivyomfundisha. Fikiria wangapi walipita mikononi mwangu, na wako wapi leo, wamesimama mbele ya vitanda vya nani." Nilitafuta la kumwambia. Alipoona ninatafuta, aliinua mkono kunizuia. "Acha. Hili ni langu."

Saratani ilimkamata kwenye mifupa. Habari ilienea kupitia vikundi vya simu vya wanafunzi wake wa zamani, na wakaanza kuja Gitothua, wengine wakiwa na watoto wao. Walikuja na viti. Mpangaji mpya wa chumba cha mwisho aliuliza kama kuna mkutano wa chama. Walivipanga kando ya kitanda cha Madam na kuketi mikono mapajani, kama alivyokuwa akiketi yeye.

Mimi nilichelewa kwenda. Nilikuwa nimepata kazi ya mkataba katika ofisi ya kiwanda huko Thika na kukodi chumba hukohuko, lakini hiyo haikuwa sababu. Nilikuwa nikitunga nitakachosema. Nilikitunga kwenye foleni, nikakitunga bafuni, na kila nilichokitunga kilikuwa pointi. Mwishowe nikaona jibu ni rahisi: nitanyamaza. Ndivyo alivyotufundisha. Jumapili moja mchana nilinunua kigoda sokoni Ruiru, nikaenda.

Alikuwa peke yake. Kitanda kilisogezwa karibu na dirisha, na chini ya blanketi hakukuwa na mtu mkubwa kuliko mtoto wa shule. Kiti cha buluu kilikuwa pembeni, kimebeba dawa. Nilimsalimia, nikaketi kwenye kigoda changu, mikono mapajani. Nilinyamaza. Nakiri nilijivunia jinsi nilivyonyamaza vizuri.

"Wambui," akasema baada ya muda. "Na wewe pia?"

"Mimi nini, Madam?"

"Umekuja kuninyamazia. Wote wanakuja, wananinyamazia. Jana wamejaa hapa, wananitazama kama kioo cha duka. Hata udaku hawaniletei." Alipumzika, akavuta pumzi, akamwita Mungu kwa Kikuyu. "Ngai, nilifundisha vibaya."

"Lakini si ulisema marafiki wa Ayubu walifanya vizuri waliponyamaza?"

"Siku saba, Wambui! Mimi saba nilizipitisha zamani."

Nilicheka, naye akataka kucheka lakini maumivu yakamkamata, akafumba macho mpaka yapite. Alipoyafumbua alizungumza polepole, kwa Kiswahili, na nikajua ni jambo asilotaka nilikosee.

"Nimepata nafasi ya kukisoma tena kitabu cha Ayubu hapa. Kosa la marafiki zake halikuwa kuongea. Waliongea juu ya Mungu, sura baada ya sura. Mungu yuko hivi, Mungu hufanya vile. Lakini tafuta humo ndani kama kuna hata mmoja aliyemgeukia Mungu akamwambia, huyu rafiki yetu anaumia. Hakuna. Ayubu peke yake ndiye aliyesema naye. Na mwishoni Mungu anasema ni Ayubu aliyesema sawa." Akanitazama. "Miaka yote nimekifundisha. Sikuliona mpaka nilipolala hapa."

Nje nilisikia maji yakikamuliwa. Mama Naliaka alikuwa akianika mashuka ya Madam kwenye ile kamba ya upande wa jua.

"Sasa niombee," Madam alisema. "Kwa sauti. Mimi nimeishiwa."

"Madam, mwambie Mama Naliaka. Yeye anajua kuomba. Mimi nilikwambia, tangu Baba..."

"Nilisikia ulichoniambia. Nimekuona kanisani ukichezesha midomo. Mama Naliaka ameniombea asubuhi mpaka mabati yametetemeka. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Sijui nianze wapi."

"Anza na kitu ambacho si uongo."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mwepesi na moto. Sikufumba macho, niliogopa nikifumba nitaanza kutunga.

"Mungu," nikasema. Nikasimama hapo, kama kawaida. Yeye akangoja. "Mungu, huyu ni Madam. Anaumia. Ameumia wiki nyingi, na hakumfanyia mtu ubaya unaolingana na huu. Baba pia hakufanya. Aliungua akiwa kazini, na ulikuwepo. Si haki. Wewe unajua si haki. Nimekukasirikia tangu siku ile ya boila, na sijakwambia, nimekuwa nikichezesha midomo. Sitaki sababu. Nimezikariri zote. Nataka umwangalie. Umwangalie tu, kama mtu anavyomwangalia mtu."

Maneno yakaisha. Nilijiona kama niliyevunja kitu cha watu. Nilingoja aseme amina ili nami niseme amina, niachie mkono wake, niinuke. Lakini Madam hakusema amina. Alikuwa amefumba macho, na vidole vyake vikauminya mkono wangu kwa nguvu ambayo sikudhani alikuwa amebaki nayo.

"Endelea," akasema.